Vitabu Vilivyosomwa Hadi Vikaisha

Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aliye safarini atulie kitini, maana leo tunakwenda mbali. Tunakwenda Italia, Ureno, Uturuki na Moroko, zaidi ya miaka mia tano nyuma, kuwatazama watu waliochapa vitabu vya dini ya Kiyahudi kwa lugha ya Kiebrania wakati mtambo wa kuchapa ulikuwa bado jambo geni duniani.

Nianze na swali. Kile kitabu chako cha darasa la kwanza, ulichojifunzia kusoma, kiko wapi leo? Kilichapwa kwa maelfu. Kila shule ilikuwa nacho. Lakini jaribu kukitafuta nyumbani kwenu. Kilitoka kwa kaka kikaenda kwa dada, kikaenda kwa mdogo wake, jalada likabanduka, kurasa zikalegea moja moja, mwisho hakuna anayejua kilipoishia. Sasa tazama kile kitabu kikubwa cha kabatini ambacho watoto walikatazwa kukigusa. Kipo hadi leo, na hata vumbi lake lipo.

Shikeni hapo, wasikilizaji wangu, kwa sababu hilo ndilo nitakalolirudia leo. Kitabu hakiwi adimu kwa sababu tu kilichapwa kidogo. Mara nyingi kinakuwa adimu kwa sababu kilisomwa mno. Na vitabu ninavyotaka kuwasimulia vilisomwa mno, kisha vikawindwa.

Twendeni basi Reggio di Calabria, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Italia, mji unaotazamana na kisiwa cha Sicily. Ni mwezi wa Februari, mwaka 1475. Ile Biblia maarufu ya Gutenberg ilikwisha kuchapwa kule Mainz, Ujerumani, miaka ishirini hivi kabla. Huko Reggio mchapaji mmoja, Abraham ben Garton, anamaliza kitabu: ufafanuzi wa Torati ulioandikwa na Rashi. Huyu Rashi ni nani? Ni mwanachuoni wa Kiyahudi wa mji wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Mtoto wa Kiyahudi alipoanza kusoma Torati aliisoma pamoja na Rashi, na mzee aliendelea na Rashi huyo huyo mpaka macho yalipomwishia nguvu. Hakukuwa na kitabu kilichohitajika zaidi.

Hicho cha Abraham ben Garton ndicho kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichochapwa kikiwa na tarehe yake. Viko vingine, vilivyochapwa Roma bila tarehe, ambavyo wataalamu wanaamini vilitangulia kwa miaka michache. Lakini kwa tarehe iliyoandikwa, Reggio ndiyo ya kwanza. Na je, nakala ngapi za toleo hilo zinajulikana leo duniani kote?

Moja. Nayo ina upungufu wa kurasa. Iko mji wa Parma, Italia, katika maktaba ya Palatina, na ilifika huko kwa mkono wa kasisi Mkristo, Giovanni Bernardo De Rossi, mwalimu wa lugha za Mashariki aliyetumia maisha yake kukusanya maandiko ya Kiebrania. Mwaka 1816 mkusanyo wake ulinunuliwa kwa ajili ya maktaba hiyo, na Rashi wa Reggio akaingia humo.

Miezi michache tu baada ya Reggio, mwezi Julai wa mwaka huo huo 1475, kaskazini mwa Italia katika mji mdogo wa Piove di Sacco, matbaa ya Meshullam Cusi ilitoa kitabu kikubwa cha sheria za dini, Arba'ah Turim, katika mijalada minne. Mtajiuliza, mbona ghafla hivi, na mbona Italia? Sababu zilikuwepo. Italia ilikuwa na karatasi nzuri, ilikuwa na mafundi, na ilikuwa na Wayahudi waliotoka Ujerumani, Ufaransa na Hispania wakakutana hapo, kila kundi na desturi zake na hamu yake ya vitabu. Kuandika kwa mkono kulichukua miezi, na nakala moja ilikuwa mali ya tajiri. Mtambo ulibadilisha hayo.

Mjini Mantua wakati huo kulikuwa na mume na mke, Abraham Conat na Estellina. Abraham alikuwa tabibu na mchapaji. Lakini naomba leo tumtaje zaidi mke. Kipo kitabu kidogo cha hekima, Behinat Olam, ambacho mwishoni mwake Estellina ameandika jina lake mwenyewe, akasema kwamba yeye, mke wa Abraham Conat, ndiye aliyekichapa, akisaidiwa na kijana aitwaye Jacob Levi kutoka Tarascon. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1470. Huyu ni miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa duniani kutia jina lao kwenye kitabu walichokichapa. Ningependa kila mtoto wa kike anayefanya kazi ya kupanga kurasa, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, alijue jina hilo. Estellina Conat. Nimelirudia kwa makusudi.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Herufi zilisubiwa kwa madini, moja moja, zikapangwa kwa mkono mstari kwa mstari, zikapakwa wino, karatasi ikakandamizwa juu yake. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Desturi yake hairuhusu kulikata neno mwisho wa mstari, kwa hiyo wachapaji walitengeneza herufi pana za kuunyoosha mstari mpaka ujae. Tena kuna irabu. Katika Kiebrania irabu ni vidoa na vistari vinavyokaa chini, juu na ndani ya herufi, na Torati ina alama nyingine tena za kuongoza sauti ya msomaji. Fikirieni fundi anayepanga vitu hivyo vyote kwa vidole, kwa mwanga wa mshumaa! Wengi waliacha irabu kabisa. Torati ya kwanza kuchapwa pamoja na irabu na alama za kusomea ilitoka Bologna, Januari 1482, miaka saba baada ya Reggio. Na mwaka 1488 katika mji wa Soncino ikatoka Biblia nzima ya Kiebrania, ya kwanza kukamilika kwa chapa.

Soncino ni mji, wasikilizaji, lakini ukawa pia jina la ukoo. Familia hii ya wachapaji ilitokea Ujerumani, ikakaa hapo, ikachukua jina la mji. Mkubwa wao kwa sifa ni Gershom Soncino. Huyu bwana hakutulia. Alichapa Brescia, akachapa Fano, akachapa Pesaro, akachapa Rimini, kila mahali akihama na mitambo yake, ama kwa sababu ya vita, ama kwa kukosa kibali, ama kwa ushindani wa wengine. Mwishoni akaivuka bahari kwenda katika milki ya Waturuki, Salonica na kisha Istanbul, ambako alifariki mwaka 1534. Biblia yake ya Brescia ya mwaka 1494 ilikuwa ndogo, ya kubebeka safarini. Nakala moja ya toleo hilo iliingia mikononi mwa Martin Luther, naye aliitumia alipokuwa akitafsiri Agano la Kale kwa Kijerumani. Nakala hiyo bado iko, katika Maktaba ya Taifa mjini Berlin.

Sasa tusimame kidogo Hispania na Ureno, maana hapa habari inageuka kuwa nzito.

Hispania ilikuwa na matbaa za Kiebrania tangu miaka ya 1470, huko Guadalajara na kwingineko. Ureno, kitabu cha kwanza kabisa kuchapwa nchini humo kwa lugha yoyote kilikuwa cha Kiebrania: Torati iliyochapwa na Samuel Gacon katika mji wa Faro, mwaka 1487. Nakala inayojulikana ni moja tu, nayo iko London, katika Maktaba ya Uingereza. Mnaliona hilo? Reggio nakala moja, Faro nakala moja.

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliamuru Wayahudi wote wabatizwe au waondoke. Wengi walikimbilia Ureno, na Desemba 1496 mfalme wa Ureno naye akatoa amri kama hiyo. Mtu anayekimbia anabeba nini? Vitabu ni vizito. Vingi vilibaki, vikanyang'anywa, vikachomwa, au vikafichwa na watu waliobatizwa kwa nguvu ambao kukutwa na ukurasa mmoja wa Kiebrania kungeweza kuwatia hatarini. Ndiyo maana matoleo kadhaa ya Hispania ya enzi hiyo tunayajua leo kwa vipande tu, karatasi chache zilizookotwa ndani ya majalada ya vitabu vingine, ambako mafundi walizitumia kukazia gamba.

Hapa naomba nichepuke kidogo tufike pwani yetu. Mwaka huo huo wa 1496, katika mji wa Leiria nchini Ureno, matbaa ya Kiyahudi ya familia ya d'Ortas ilichapa majedwali ya mwendo wa jua na nyota yaliyotungwa na Abraham Zacuto, mtaalamu wa falaki na mwanachuoni wa dini. Wanahistoria wa safari za bahari huyataja majedwali ya Zacuto miongoni mwa nyenzo za Vasco da Gama katika safari ile iliyomfikisha Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wakati da Gama anatweka tanga, Zacuto mwenyewe hakuwa na nchi tena. Alifika Tunis, akiwa mkimbizi, akaandika huko historia ya wanachuoni wa watu wake.

Nimesema watu walikimbia wakaacha vitabu. Lakini wachapaji waliondoka na kitu kingine, nacho ni ufundi. Ndugu wawili kutoka Hispania, David na Samuel ibn Nahmias, walifika Istanbul na mwaka 1493 wakachapa humo kitabu kile kile cha sheria, Arba'ah Turim. Ni kitabu cha kwanza kuchapwa katika milki yote ya Waturuki kwa lugha yoyote. Na wengine walivuka kuja Afrika. Samuel Nedivot na mwanawe Isaac, wakimbizi wa Lisbon, walifungua matbaa Fez, Moroko, na mnamo mwaka 1516 wakachapa Abudarham, kitabu cha ufafanuzi wa sala, wakifuata toleo lililochapwa Lisbon mwaka 1489. Kwa kadiri inavyojulikana, hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapwa katika bara la Afrika. Kitabu cha sala, cha Kiebrania, kilichochapwa na wakimbizi. Na mwaka 1557 mjukuu wa Gershom Soncino alikuwa akichapa Kairo.

Tumekwisha kuona kitabu kinavyopotea kwa kusomwa, na kinavyopotea kwa kukimbiwa. Sasa tufike Venice, tuone kinavyopotea kwa moto.

Venice kulikuwa na Mkristo mmoja tajiri, Daniel Bomberg, mzaliwa wa Antwerp. Wayahudi wa Venice hawakuruhusiwa kumiliki matbaa, lakini Bomberg aliruhusiwa, akawaajiri Wayahudi wasomi kuwa wasahihishaji. Kati ya mwaka 1519 na 1523, kwa idhini iliyotoka kwa Papa Leo wa Kumi, alichapa Talmudi ya Babeli yote kwa mara ya kwanza. Talmudi ni bahari. Ni mijadala ya marabi wa karne nyingi kuhusu sheria, sala, ndoa, biashara, magonjwa, mashamba. Kuichapa yote ilikuwa kazi ya miaka.

Na toleo la Bomberg ndilo lililoimarisha sura ya ukurasa wa Talmudi. Matini katikati, kwa herufi kubwa. Upande wa ndani, karibu na mshono, ufafanuzi wa Rashi. Upande wa nje, hoja za wanachuoni waliomfuata. Nyinyi mliosoma vyuoni Lamu, Unguja au Mombasa mtaielewa sura hiyo mara moja, maana mmeshika vitabu vyenye matini ndani na hashia pembezoni. Msomaji haisomi matini peke yake. Anaisoma akiwa amezungukwa na walimu. Bomberg alizipa pia karatasi hesabu, na hesabu hiyo haikubadilika tena. Kumbukeni jambo hili la hesabu, nitalirudia.

Wakati wa Bomberg mambo yalikwenda vizuri. Baada yake Venice ikapata wachapaji Wakristo wengine wawili, Giustiniani na Bragadin. Mwaka 1550 kila mmoja alichapa kitabu kikubwa cha sheria cha mwanachuoni wa Kiyahudi Maimonides, wakagombania soko. Ugomvi ukafika Roma, na kila upande ukasaidia kuwaaminisha wakubwa wa Kanisa kwamba vitabu vya mwenzake vina maneno ya kuutukana Ukristo. Wanahistoria wanaihesabu vita hiyo ya soko kuwa miongoni mwa mambo yaliyoyavuta macho ya Roma. Kilichofuata kinaumiza kukitaja. Tarehe 9 Septemba 1553, siku ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Talmudi zilizokusanywa nyumba kwa nyumba zilichomwa katika uwanja wa Campo de' Fiori, Roma. Mwezi Oktoba moto ukawashwa Venice, katika uwanja wa San Marco, katika mji ule ule zilikochapwa. Mwaka 1559 zamu ikawa ya Cremona, na humo vitabu viliteketea kwa maelfu.

Vilivyobaki vilipitishwa kwa wadhibiti. Mdhibiti alikaa na kitabu, akafuta kwa wino mistari asiyoitaka, akatia sahihi yake ukurasa wa mwisho. Baadhi yao walikuwa Wayahudi waliobatizwa, kwa kuwa kazi hiyo ilihitaji mtu anayejua Kiebrania. Leo ukifungua vitabu vya karne hiyo kutoka Italia utazikuta sahihi hizo. Na katika baadhi yake wino wa mdhibiti umepauka kuliko wino wa mchapaji, hata mstari uliofutwa unasomeka tena.

Iko njia nyingine ya vitabu kutoweka, nayo ni ya heshima. Desturi ya Kiyahudi hairuhusu kitabu chenye jina la Mungu kutupwa kinapochakaa. Huwekwa pahali maalumu katika sinagogi, paitwapo geniza, kisha huzikwa. Hebu jumlisheni: kitabu kinasomwa kila siku mpaka kinachanika, kikichanika kinazikwa, kikinusurika kuzikwa kinachomwa, kikinusurika moto mwenyewe anafukuzwa nchini. Baada ya hapo mtu akikuuliza kwa nini ziko nakala moja moja, utakuwa na la kumjibu.

Sasa turudi kwenye kile kitabu cha kabatini. Mwaka 2015, mwezi Desemba, Talmudi kamili ya Bomberg iliuzwa kwa mnada New York kwa dola milioni 9.3 za Marekani. Ilikuwa safi ajabu. Kwa nini? Kwa sababu kwa karne nyingi ilikaa katika abasia ya Westminster, London, ambako hapakuwa na mtu wa kuisoma usiku na mchana, akaitia mafuta ya taa na alama za vidole. Mkusanyaji mmoja wa London, Jack Lunzer, aliiona baada ya vita vya pili vya dunia, akaitamani kwa miaka mingi, na akaipata alipowapa watu wa abasia hati yao ya kale waliyokuwa wakiitaka. Nafurahi kwamba ipo. Nalipenda pia wazo la Lunzer la kukusanya vitabu hivi mahali pamoja. Maelfu ya vitabu vyake vingine sasa viko Maktaba ya Taifa ya Israeli. Lakini kwangu mimi nakala yenye thamani zaidi ni ile ya Parma iliyochakaa, inayoonyesha kwamba ilikuwa na kazi.

Na kabla hatujasema kwamba chapa ilikuja ikamaliza kila kitu cha zamani, tukumbuke kwamba Torati inayosomwa sinagogini siku ya Sabato mpaka leo haichapwi. Ni gombo la ngozi, linaandikwa kwa mkono, herufi kwa herufi.

Nilisema nitarudi kwenye hesabu ya karatasi. Talmudi ilichomwa Italia, lakini ilichapwa tena kwingine, Salonica, Lublin, Basel, na baadaye Vilna, ambako familia ya Romm ilitoa katika miaka ya 1880 toleo ambalo hadi leo ndilo linaloigwa. Wote walishika mpango wa Bomberg, ili mwalimu akitaja karatasi ya kumi na saba, wote waifungue ile ile. Kwa sababu hiyo, mwaka 1923 rabi Meir Shapiro aliweza kupendekeza jambo ambalo bila hesabu hiyo lisingewezekana: Wayahudi popote walipo wasome karatasi moja ya Talmudi kwa siku, wote karatasi ile ile, siku ile ile. Karatasi ni 2,711, na kuzimaliza huchukua miaka saba na nusu hivi. Mzunguko wa sasa ulianza Januari 2020. Asubuhi ya leo, kuna watu Yerusalemu, Paris na Johannesburg walioifungua karatasi moja kwa hesabu iliyowekwa Venice miaka mia tano iliyopita.

Msikilizaji mmoja huenda anauliza: je, mtu wa kawaida anaweza kuviona vitabu hivi? Ndiyo. Maktaba ya Taifa ya Israeli na Bodleian ya Oxford zimepiga picha vitabu vyao vingi vya kale na kuviweka kwenye intaneti, bure. Huko Oxford tafuteni vile vya rabi David Oppenheim wa Prague. Rabi huyu, kwa kuwaogopa wadhibiti, aliweka maktaba yake kubwa mji mwingine, Hanover, mbali na alikoishi. Bodleian waliinunua mwaka 1829. Fungueni ukurasa mmoja kwenye simu, ukuzeni, mtazame pembezoni.

Muda wetu umekwisha. Katika mazungumzo yajayo, Mungu akipenda, tutabaki Istanbul. Tutamtazama Ibrahim Müteferrika, aliyechapa humo kamusi ya Kiarabu kwa Kituruki mwaka 1729, zaidi ya miaka mia mbili baada ya wale ndugu wawili wa Hispania, na tutauliza kwa nini ilichukua muda mrefu namna hiyo.